Sikio la Kushoto la Tandala

Gulwe,
4 Februari 2024

Mwanangu Lea,

Mbukwa. Mimi mzima, mbuzi wazima, nyumba ndiyo mgonjwa. Umesikia habari za mvua. Mto ulipanda mpaka ndani, ukazunguka sebule nzima, ukatoka kwa mlango wa jikoni bila kuaga. Magodoro nimeanika, unga wa mtama nimewapa kuku, na yule mama wa kwaya anayeshika ufunguo wa kanisa alinipa hifadhi mpaka matope yalipokauka. Usije mbio. Nimeshafagia.

Simu usipige. Masikio yangu yameacha kazi kabisa. Napokea, naitika "eeh, eeh," na mwisho sijui nimekubali nini. Juzi hivi kuna mtu alikuja kumchukua jogoo wangu, anasema tulikubaliana vizuri tu kwenye simu. Na hizo meseji zenu ni ndogo kama chawa. Andika kwa kalamu, herufi kubwa, mpe Denis, kondakta wa basi la Mpwapwa. Ni mzembe wa kunyoa ndevu lakini barua hapotezi.

Sasa jambo lenyewe. Huo mzigo Denis aliokuletea ni kichwa cha tandala wa babu yako. Ukuta aliokuwa ameninginia ulimeng'enyuka na maji, naye akaanguka kifudifudi kwenye matope. Pembe moja imechomoka, jicho moja silioni, shingo imepasuka na majani ya ndani yanatoka. Nimemfunga kwa shuka zangu mbili na kanga, kanga naitaka. Kibali chake cha serikali nimekikunja kwenye mfuko wa nailoni pembeni, asije mtu njiani akasema unafanya biashara ya nyara.

Wewe ni fundi wa makochi. Umeshika sindano kuliko mtu yeyote katika ukoo huu. Mtengeneze. Mwezi wa nane tunamfanyia babu yako kumbukumbu na kumjengea kaburi, na siku hiyo nataka tandala awe amerudi ukutani kwangu, akiwatazama watu wanapoingia.

Usiniulize mengi.

Msalimie baba yako, mwambie dada yake bado anakula ugali.

Shangazi yako,
Edina

*

Majengo, Dodoma,
18 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama anaendelea na dawa za presha na anakataa kupunguza chumvi. Baba yuko Makutupora muda wote, zabibu zimeiva na vibarua wanamsumbua, na katikati ya hayo ameanza kujenga kitu kando ya barabara. Akiulizwa ni nini anacheka tu. Kwangu kazi ipo. Watu wanahamia Dodoma kila siku na kila anayehamia anataka kochi.

Mzigo umefika. Denis aliubeba mabegani kutoka stendi, pembe moja imechomoza nje ya shuka, na watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Jirani yangu Joha, muuza vitambaa, alifungua shuka bila kuniuliza, akaruka mpaka nje ya duka. Sasa anamletea wateja wake wamwone.

Shangazi, nisikufiche. Nilipomweka mezani nilitamani kulia. Alikuwa ananuka kama zizi wakati wa masika. Manyoya ya shingo yamekatika, pua imepasuka, na lile jicho lililobaki lilikuwa linanitazama mimi tu. Mimi najua sponji na mbao. Mnyama sijawahi. Lakini kisha nikageuza shingo nikaona mshono wa yule fundi wa zamani, wa mkono, umetulia, na nikasema huu naujua. Hata kochi zuri lina mshono uleule.

Nimemweka kivulini akauke taratibu, jua lingemkakamaza. Kila asubuhi namgeuza. Nampiga brashi laini kufuata manyoya yanavyolala. Nikishamaliza hapo ndipo nitamfungua shingo.

Umesema nisiulize mengi, basi nauliza moja. Sebule ile ilikuwa na saa ya ukutani ya Babu, picha ya harusi yake, na ile redio yake ya mbao. Vyote vimeharibika na hukuniletea hata kimoja. Kwa nini tandala?

Kanga yako nimeifua. Nitaileta mwenyewe.

Mwanao,
Lea

*

Gulwe,
10 Machi 2024

Mwanangu Lea,

Barua imefika, na nimeisomea jikoni huku mlenda ukitaka kuungua. Karanga mwaka huu zimeoza shambani, ila uwele umesimama vizuri. Mbuzi wangu mweusi amezaa mapacha, wote madume, na nimemwambia sikumtuma hivyo. Yule mzee Yoramu niliyechunga naye utotoni anaumwa kiuno, lakini mdomo mzima.

Vizuri kwamba unamkausha kivulini. Jicho la pili umepata? Alikuwa na macho ya upole. Usimtie macho ya mtu anayedaiwa.

Redio ni redio. Saa nitanunua nyingine.

Baba yako asimwone kwanza mpaka umalize.

Edina

*

Majengo, Dodoma,
21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa karanga, hongera kwa mapacha. Mama anakusalimu na anasema huo uwele ukivunwa umkumbuke.

Nianze na furaha. Tandala amekuwa tandala! Lakini njia ilikuwa ndefu na yenye aibu. Kwanza nilimjaza shingo kwa sponji, kama ninavyojaza mkono wa kochi, nikamshona, nikarudi nyuma kumtazama. Alikuwa na mashavu, Shangazi. Mashavu ya mtu aliyetoka likizo. Joha alilala chini kwa kucheka. Nikamfumua, nikachonga ubao mwembamba wa ndani, nikazungushia pamba kidogo kidogo. Pembe nazo nikazipachika nikazibana na gundi, kesho yake namtazama, zinakwenda kama watu waliogombana, kila mmoja anageukia kwake. Ile iliyobaki nayo ilikuwa imelegea nikaichomoa, na wakati wa kurudisha nilikuwa nimezibadilisha, ya kulia kushoto. Kuzing'oa tena nilitoka jasho.

Macho nimempata kijana anayechonga vinyago, akanitengenezea mawili mapya ya kahawia yanayofanana. Ni ya upole. Hadaiwi na mtu.

Sasa kuna mawili ambayo nataka uyasome ukiwa umekaa.

La kwanza, Baba amemwona. Alikuja bila taarifa kuchukua viti. Akasimama mlangoni, akavua kofia. Shangazi, mimi Baba sijamwona akivua kofia ila kanisani. Akasema, "Tandala wa mzee wangu." Kisha akaanza kutembea huku na huku akipanga. Kile kitu anachojenga Makutupora ni mahali pa nyama choma, na bango limeshachorwa: TANDALA GADENI. Anasema alikuwa akimfikiria mnyama huyu siku nyingi, na sasa Mungu amemleta mpaka mjini. Nikamwambia ni wa Shangazi. Akasema, "Shangazi yako amemtunza, namshukuru. Lakini kibali kina jina la mzee, na mtoto wa kiume aliyebaki ni mimi." Anataka kutangaza siku ya kumbukumbu, mbele ya ukoo, ili kusiwe na maneno baadaye. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniumiza.

La pili ni zuri. Lile sikio la kushoto lililokuwa limeliwa na panya, pengo kubwa kwenye ukingo wa chini, nimeliziba. Nilipata ngozi ya mbuzi yenye rangi ileile, nikaweka kiraka, nikashona kwa ndani na sindano iliyopinda, nikapaka rangi. Hata ukivaa miwani hutaona. Katika kazi yote niliyoifanya hii ndiyo ninayojivunia.

Niambie nimjibu nini Baba.

Lea

*

Majengo, Dodoma,
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hukujibu. Nimemwuliza Denis, anaapa kwamba alikukabidhi mkononi, ukafungua ukasoma palepale stendi, ukaondoka bila kumpa hata jibu la salamu. Nimeumwa na mawazo. Kama ni Baba amekuudhi, sema. Kama ni mimi, sema zaidi.

Lea

*

Gulwe,
9 Juni 2024

Lea,

Ni wewe.

Mzima nipo. Nilikuwa na hasira na nimejifunza kutoandika nikiwa na hasira, maana karatasi haisahau. Nilikwenda shambani, nikarudi, nikaenda tena. Sasa zimepungua, kaa usome.

Sikio lile halikuliwa na panya. Nilikata mimi.

Nilikuwa binti mdogo ninachunga na Yoramu kule vichakani nyuma ya reli. Tukamkuta ndama wa tandala amelala pembeni mwa mzoga wa mama yake. Chui au nini, sijui. Nikambeba begani mpaka nyumbani. Baba yangu, yaani babu yako Bartolomayo, alinigombeza kidogo, kisha akamletea maziwa ya mbuzi. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori wa siku zile, alikuja na baiskeli, akamtazama, akasema akikua arudishwe porini. Akakua. Tukamrudisha. Jioni akarudi mwenyewe nyuma ya mbuzi, amechukia, hatutazami. Bwana nyama akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi mkae naye.

Wewe umekulia mjini. Umekula mbuzi wangu miaka yote na hujamtazama hata mmoja sikio. Kwetu mnyama bila alama sikioni ni mnyama wa yeyote. Alama ya baba yangu ilikuwa mpasuo mmoja kwenye ncha ya sikio la kulia; baba yako ameirithi, na ng'ombe wake wote wanayo. Siku ya kumkata tandala sikio, wajomba na baba wadogo walikuwepo, kila mtu akijua atapigwa mpasuo wa baba. Baba akanipa mimi kisu. Akasema, "Wa kwako hawezi kuvaa alama yangu. Chagua yako." Nikachagua nusu mwezi, sikio la kushoto, chini. Mkono ulitetemeka lakini nilikata. Wazee wakapiga kelele, lini binti akawa na alama, binti ni wa kuondoka, ataipeleka wapi? Baba akasema, "Ataipeleka anakokwenda." Wakamwomba basi jambo hilo lisisemwe sana. Akanyamaza, nami nikanyamaza. Baba yako alikuwa bado hajazaliwa.

Alikufa kwa gari moshi. Alikuwa dume kamili, pembe ndizo hizo unazoziona, na alizoea kusimama kwenye tuta la reli kama mkaguzi. Nililia mpaka nikapata homa. Baba akaomba kibali, akampeleka kichwa Mpwapwa kwa bwana mmoja wa mifugo aliyejua kazi hiyo, akamleta akamtundika. Akaniambia: "Atakaa sebuleni kwangu mpaka siku utakapokuwa na sebule yako."

Nikaolewa. Wakwe zangu hawakutaka mwanamke anayekuja na mnyama wake. Ndoa yenyewe ilivyokwisha unajua. Nikarudi, nikamuuguza baba mpaka akafa, na nimebaki kwenye sebule yake kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Watu wa ukoo wakija wanasema "nyumba ya mzee." Sijawasahihisha.

Sikukuambia mwanzo kwa sababu sikutaka kuonekana nagombania kichwa cha mnyama na mdogo wangu wa tumbo moja. Na nilijua kwamba yeyote atakayenyanyua macho ataliona lile sikio, hata kama mimi sitafungua mdomo. Sasa wewe na ufundi wako mmeliziba mpaka haliwezi kuonekana hata kwa miwani.

Fumua.

Edina

*

Majengo, Dodoma,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Nilisoma barua yako mara moja nikafunga duka.

Nimefumua. Joha alishika taa ya simu na mimi nikatoa uzi mmoja mmoja, maana ule mshono niliujivunia na sasa ulinikomoa, niliushona usitoke. Kiraka kimetoka chote. Rangi nimeifuta kwa mafuta ya taa na pamba mpaka ngozi ya zamani ikarudi. Nusu mwezi wako upo, Shangazi. Umekaa sawasawa. Kwa mkono uliotetemeka, ulikata vizuri kuliko mimi.

Lakini pembeni yake kuna matundu ya sindano yangu, na hayafutiki. Hapo ndipo usingizi unanikimbia. Baba amemwona tandala akiwa na sikio zima. Ameligusa, akanisifu. Siku ya kumbukumbu akiona pengo atasema tumelikata sisi wawili, mimi na wewe, tupate la kumwambia. Na ukoo utamwamini. Nitakuwa nimekunyang'anya mnyama wako kwa sindano yangu mwenyewe.

Nimwambie sasa hivi? Au wewe useme?

Mama anasema uwele umefika, anakushukuru.

Lea

*

Gulwe,
20 Julai 2024

Mwanangu,

Usimwambie lolote. Mimi pia sitasema. Nikisema mimi itakuwa bibi kizee anayetaka mali. Mlete tu.

Ukuta nimeukandika upya, nimepaka chokaa. Msumari wa zamani nimeunyoosha.

Edina

*

Majengo, Dodoma,
1 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena!

Tulifika salama. Mama alitapika njiani kwa sababu ya ule mchuzi aliorudia, lakini sasa anaimba.

Nilikuaga haraka na watu walikuwa wengi, na nikiwa kwenye basi ndipo nikakumbuka kwamba wewe uliona yote na hukusikia hata neno. Ulisimama pale mlangoni unatazama midomo ya watu. Kwa hiyo nakaa chini sasa, kwa herufi kubwa, nikuandikie waliyoyasema. Ni yako, na ni lazima yakufikie.

Baada ya ibada ya kaburini, watu walipokwisha kula, Baba alisimama uani na tandala akiwa juu ya meza nyuma yake, amefunikwa shuka. Aliongea vizuri. Alisema, "Mzee wetu alituachia ng'ombe, akatuachia jina, na akatuachia huyu." Akafunua. Watu wote wakasema "Eeeh!" kwa pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, na Mzee Yoramu akasema kwa sauti, "Amerudi mtoro!" Hapo ndipo uliona watu wanacheka. Baba akaendelea: "Mimi kama mtoto wa kiume aliyebaki, naomba idhini ya ukoo nimchukue Makutupora, ambako wengi watamwona na watauliza habari za mzee."

Wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Ndipo ukatoka zizini na lile beberu lako umelishika pembe.

Baba akasema, "Dada, nyama imeshaiva, huyo wa nini?" Watu wakacheka tena. Wewe hukusikia, ukapita katikati yao, ukalipandisha beberu miguu ya mbele juu ya meza, ukaligeuza kichwa mpaka sikio lake la kushoto likakaa kando ya sikio la kushoto la tandala. Kisha ukakunja mikono. Shangazi, wewe ni mtu hatari.

Kicheko kikafa palepale. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Jamani, si alama ya Edina hiyo?" Mwingine akasema, "Ndiyo hiyohiyo."

Baba akasogea. Akatazama sikio, akanitazama mimi. Akasema, "Lea, mwezi wa nne sikio hili lilikuwa zima. Mmelikata."

Nikasema, "Nililiziba, Baba. Nilidhani ni panya. Nimefumua."

"Mmelikata," akarudia. Na watu wa upande wake wakaanza kunong'ona, na nilimsikia mmoja akisema mjini wanafundishwa mengi. Nilitaka kusema yote uliyoniandikia, nikakumbuka ulivyonikataza.

Mzee Yoramu akawa ananyanyuka kwenye kigoda chake, na kile kiuno chake. Lakini kabla hajafika Baba alikuwa ameshaweka kidole. Ulimwona. Alianza kwa hasira, kama anayetaka kuonyesha kosa. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa lile pengo, taratibu, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Akainama akanusa kabisa. Baba yangu amechunga mpaka ndevu zilipoota, Shangazi. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa sababu ya bango na viti.

Alipoongea sauti yake ilikuwa imeshuka. Akasema, "Hili ni kovu." Mtu mmoja akauliza, "Unasemaje?" Baba akasema kwa nguvu: "Nasema ni kovu! Ngozi ya mnyama aliyekufa haiponi. Hili limepona. Ukingo umenenepa, na manyoya yameota kufuata jeraha. Huyu alikatwa akiwa hai, akiwa ndama, na aliyemkata alikuwa na haki ya kumkata. Hii si kazi ya Lea."

Kisha akamgeukia Mzee Yoramu. "Mzee, kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Yoramu akasema, "Uliuliza?" Akaketi. Kisha akasema kwa watu wote, na haya nayaandika kama alivyoyatamka: "Mimi nilikuwepo. Bartolomayo alimpa binti yake kisu mbele ya ndugu zake, na ndugu zake wakamtukana, naye hakurudi nyuma. Nimetunza siri hii muda mrefu mpaka imenichosha. Tandala ni wa Edina. Na mbuzi wake wote wana alama aliyopewa na baba yake, si ya kujitungia."

Baba alisimama pale ameshika sikio la tandala, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wewe uliyaona, ukadhani amekasirika, kwa maana ulirudi nyuma hatua. Hakukasirika. Alikuwa anasema, "Nimekua chini ya sikio hili na sikuwahi kulitazama. Mzee hakuniambia. Dada yangu amenipikia uji nikiwa mtoto na hakuniambia."

Halafu akasema, "Nipeni nyundo."

Mengine uliyaona: kambeba mwenyewe, kakataa msaada, kapanda kwenye kile kiti chenye mguu mbovu na sote tukakishika. Lakini alichosema akiwa juu ya kiti, mgongo wake ukiwa kwako, hukukisikia wala hukuona midomo yake. Alipomaliza kumtundika alimnyoosha kidogo, akasema: "Mnyama wa dada yuko sebuleni kwa dada. Na kuanzia leo nisisikie mtu akiita hapa nyumba ya mzee. Hii ni nyumba ya Edina."

Na watu wote wakaitikia, Shangazi. Wote. Hata wale wa upande wake.

Sikumwambia Baba ile ahadi ya Babu. Ile ya sebule. Nakuapia, sikumwambia. Amesema mwenyewe.

Nimelia nikiandika hapa na sioni haya.

Baba alishinda shambani siku kadhaa. Kisha akaja karakana, akakaa kwenye kochi la mteja, akasema, "Na bango langu je?" Nikamwambia asubiri. Nimemtengenezea tandala wa mahameli, ya rangi ya zambarau ya zabibu zake, pembe za mbao nimezizungushia kamba, na mashavu nimemwachia makubwa, yale ya sponji. Ni kochi lenye pembe. Baba alimtazama muda mrefu, kisha akacheka mpaka Joha akaja kuuliza kuna nini. Ameshampeleka Makutupora, na anawaambia wateja kwamba huyu ni binamu tu, tandala mwenyewe anaishi Gulwe kwa dada yake.

Mwanao,
Lea

*

Gulwe,
13 Oktoba 2024

Mwanangu Lea,

Mbukwa, na salamu kwa mama yako na mdogo wangu mwenye bango.

Barua yako niliisoma mchana, nikaisoma jioni, na kesho yake nikamsomea tandala kwa sauti, kwa kuwa naye alikuwepo muda wote huo na, kama mimi, hakusikia neno. Nilipofika kwenye maneno ya juu ya kiti nilishindwa. Nikaiweka mezani, nikatoka nje, nikazunguka nyumba yangu. Umesoma vizuri. Nyumba yangu. Nikazigusa kuta zote, hata ile ya choo.

Baba yako Ernest alikuja Jumapili iliyopita na kreti ya zabibu, na hakuna mtu aliyemtuma. Tulikaa chini ya tandala tukila zabibu na kutema mbegu. Aliongea sana, nami sikusikia kitu, lakini safari hii nilijua ninakubali nini. Alipoondoka alilishika lile sikio tena kidogo. Nadhani kila mtu wa ukoo huu atalishika sasa mpaka likatike.

Ufundi wako wanausifu watu wa hapa wote. Shingo imesimama, pua imetulia, na wageni wakiingia mlangoni wanarudi hatua moja kumpisha. Nimefurahi mpaka nimenenepa. Hasira yangu ya mwezi wa sita uisahau.

Kanga hukuileta. Ulisema utaileta. Nimenyamaza kwa heshima ya kumbukumbu, lakini sasa kumbukumbu imepita.

Jambo la mwisho. Yule mbuzi wangu mweusi amezaa tena, na mara hii amenisikia: jike, mwenye doa jeupe shingoni, anaruka kama amekanyaga moto. Nimemwambia kila mtu kwamba ni wa Lea. Lakini masikio yake bado mazima yote mawili, na mnyama wa namna hiyo hawezi kukaa zizini kwangu watu wakabaki wanauliza ni wa nani. Nusu mwezi ni wangu. Mpasuo ni wa baba yako. Wewe kaa ufikiri, uchague wako, na usimwulize mtu.

Kisu nimekinoa. Njoo umkate mwenyewe, na mkono ukitetemeka usijali. Na tafadhali, mwanangu, safari hii usije na sindano.

Shangazi yako,
Edina
Nyumba ya Edina, Gulwe